Uthibitishaji wa programu ya Java inayoita seva ya WildFly kutoka mbali

Uthibitishaji ni seva kujua anayeita ni nani. Kujua anaruhusiwa kufanya nini ni jambo jingine, linaitwa idhini. WildFly, seva inayoendesha programu za Java, huvitenganisha: watumiaji wamo kwenye application-users.properties, majukumu yao kwenye application-roles.properties.

Kinachowasumbua wengi ni hiki: programu inaita EJB (kijenzi cha Java kinachoendeshwa ndani ya seva) vizuri, bila nenosiri, ikiwa kompyuta moja na seva. Ukiihamishia mashine nyingine inagoma: "Authentication failed". Hakuna kilichoharibika. Mwanzo ilipita kwa JBOSS-LOCAL-USER, yaani seva huandika faili ya siri ndani ya standalone/tmp/auth, na programu ikiweza kuisoma, basi ni ya hapohapo. Mashine ya mbali haiioni faili hiyo. Inabaki DIGEST-MD5, njia nyingine ya uthibitishaji, nayo inadai jina na nenosiri.

Kwenye seva endesha bin/add-user.sh, uchague b, Application User. Ukibonyeza Enter tu unapewa a, mtumiaji wa usimamizi wa poti 9990, ambaye EJB haimtambui. Ukiifungua faili ya watumiaji utaona jina, alama ya =, kisha herufi na tarakimu 32: ni MD5 (muhtasari wa tarakimu usioweza kurudishwa kuwa maandishi ya awali) ya jina, ApplicationRealm (jina la eneo la watumiaji wa programu) na nenosiri vikiunganishwa kwa nukta pacha. Ndiyo maana ukibadilisha jina la ApplicationRealm, manenosiri yote ya zamani yanakufa.

Upande wa programu, weka maktaba ya jboss-client.jar kutoka bin/client, ya toleo lilelile la seva. Kuanzia WildFly 11, jina na nenosiri huandikwa kwenye META-INF/wildfly-config.xml. Humohumo taja DIGEST-MD5 peke yake kwenye sasl-mechanism-selector, sehemu inayochagua njia ya uthibitishaji. Hapo hata jaribio la kwenye mashine moja litakuambia ukweli. Anwani ni remote+http://, jina la seva, halafu :8080.

Soma kosa kabla ya kugusa nenosiri. "Connection refused" maana yake hujafika kabisa: kwa kawaida seva husikiliza 127.0.0.1 tu, iwashe kwa -b na anwani yake ya mtandao. EJBAccessException yenye WFLYEJB0364 mara nyingi maana yake umeshatambuliwa, ila huna jukumu linalotakiwa.

DIGEST-MD5 haipitishi nenosiri wazi, lakini data ya kila wito kwenye remote+http inapita bila kufichwa. Nje ya mtandao wa ndani tumia remote+https, poti 8443.