Kukereza Mtungi wa Ukuta Mwembamba kwa Panda ya Mwembe Iliyochorwa na Kuvu

Mwembe mkubwa ukiangushwa katika vitongoji vya Kisumu, shina lililonyooka hupasuliwa mbao za bei nafuu, na panda, yaani pale shina linapogawanyika kuwa matawi mawili, huachwa pembeni ikingoja shoka la kuni. Fundi wa vitanda wa Kibuye, soko la Kisumu, hataki kuiona, hasa ikiwa imelala nje msimu mzima wa mvua na kuanza kuonyesha mistari myeusi ya kuvu, na hakosei, kwa maana mbao iliyoanza kuliwa haifai kubeba uzito wa mtu. Mimi ndiye ninayeitafuta. Ninakereza, yaani ninachonga mbao inayozungushwa na mashine, mitungi yenye kinywa chembamba na ukuta usiozidi milimita 3, na hoja ninayoishikilia katika kazi hiyo ni kwamba kinachopasua chombo cha namna hii ni unene usiolingana, wala wembamba wenyewe hauna kosa. Ukuta wa milimita 3 kila mahali hujipinda wote kwa pamoja unapokauka. Ukuta wa milimita 3 begani na 7 tumboni hukauka kwa kasi mbili, na ufa huanzia pale kasi hizo zinapokutana.

Ugumu wa mbao hii ni kwamba hailingani hata kabla ya kuguswa na patasi. Kuvu wanaoleta uozo mweupe hula lignini, kiini kinachoipa mbao ugumu, na wengi wao hula selulosi pia, yaani nyuzinyuzi zake, hivyo mbao hupauka na kulegea. Makundi mawili ya kuvu yanapokutana ndani ya gogo, kila kundi hujijengea mpaka mweusi wenye melanini, yaani kiini cha rangi nyeusi, na mipaka hiyo ndiyo michoro tunayoisifu. Basi katika upana wa kidole kimoja chuma cha kukatia hupita kwenye mbao nzima isiyoliwa, kisha mbao iliyolegea, kisha mstari mgumu, kisha kulegea tena.

Kuvu huhitaji joto, hewa na unyevu, na mbao iliyoshuka chini ya takriban asilimia 20 ya unyevu huwasimamisha. Joto la Kisumu linawafaa mno, kwa hiyo uozo huenda haraka na gogo halifai kusahauliwa. Mimi hulisimamisha kivulini juu ya mawe, nikalifunika kwa gunia, kwa sababu likigusa udongo mchwa watalimaliza kabla kuvu hawajachora chochote. Kila baada ya majuma machache hukata kipande chembamba cha ncha na kukibonyeza kwa ukucha. Ukucha ukiacha alama tu, mbao inafaa. Ukizama bila nguvu na mbao ikamomonyoka, hiyo ni ya jikoni.

Panda ina uzuri wake usiotegemea kuvu: nyuzi za matawi mawili hubanana na kufanya mawimbi yanayong'aa mbao inapogeuzwa kwenye mwanga. Jakaranda ya Nakuru hupokea mistari vizuri lakini nyuzi zake ni tulivu mno kwa macho yangu. Mgrevilea una madoa yake mazuri ya asili, na kuvu huyafifisha. Afadhali kuuacha ulivyo.

Kabla ya kuwasha mashine, vaa barakoa ya kichujio, maana kitambaa hakizuii vumbi laini la mbao iliyooza pamoja na mbegu za kuvu. Mwembe ni wa jamaa moja na mkorosho, na utomvu wake huwawasha baadhi ya watu ngozi vibaya.

Mimi hukereza mara mbili. Mara ya kwanza hutoa umbo la jumla na kuacha ukuta wenye unene wa sehemu moja ya kumi ya kipenyo, yaani milimita 20 kwa mtungi wa milimita 200, kisha hulifukia umbo hilo katika katoni iliyojaa maranda yake lenyewe ili likauke polepole. Hulipima kwa mizani ya jikoni hadi uzito usimame. Mbao husinyaa kuufuata mzunguko wa pete za mti karibu mara mbili ya inavyosinyaa kutoka kiini kwenda ganda, hivyo umbo lililoingia likiwa duara hutoka likiwa yai, na ule unene wa ziada ndio unaoruhusu kulirudisha kwenye duara. Wapo wanaokereza mbao mbichi hadi mwisho kwa mkupuo mmoja, na kwa mbao nzima njia hiyo ni nzuri. Iliyolegezwa na kuvu, ikiwa mbichi, huchanika badala ya kukatika.

Umbo la nje humalizwa kabisa kabla ya kuchimba, kwa kuwa baadaye ukuta hautakuwa na nguvu ya kuhimili patasi kutoka nje. Kisha hutoboa tundu la katikati hadi kina ninachokitaka, nikiacha milimita 10 za kitako, na kuingiza chuma kirefu chenye ncha ndogo iliyopinda. Kadiri ncha inavyokwenda mbali na kiegemeo, yaani kishikizo ambacho chuma hulalia, ndivyo inavyotetemeka, kwa hiyo chuma chembamba hakifai hata kama kinywa cha mtungi kinakipendelea. Hushuka kutoka begani kwa hatua za milimita 25 hivi, na kila hatua huifikisha kwenye unene wa mwisho kabla ya kugusa iliyo chini yake, kwa sababu mbao nzito iliyobaki chini ndiyo inayoushika ukuta usiyumbe. Nikishashuka, sirudi juu. Ukuta mwembamba huanza kujipinda palepale, na chuma kikirudi hukuta upande mmoja tu wa duara, kikaung'oa.

Mahali palipolegea, ncha huzama yenyewe isipozuiwa. Hapo husimamisha mashine, hupaka sila nyembamba (kiowevu cha kuziba vinyweleo vya mbao) ili gundi isiache doa, kisha hudondosha supaglu nyepesi, husubiri ikauke, hunoa upya, na kuendelea kwa mkato wa unywele. Maranda nayo lazima yatolewe kila mara, kwani katika kinywa chembamba hayana pa kwenda na hujibana kati ya chuma na ukuta. Taa ndogo inayomulika ndani ya kinywa husaidia kuliko kalipa, kifaa cha kupimia unene: mbao iliyopauka hupitisha mwanga wa rangi ya chungwa inapokaribia milimita 3, na sehemu nene hubaki giza, ila usidanganywe na mistari myeusi, ambayo haipitishi mwanga kwa unene wowote. Kwa kuwa umeme wetu hukatika bila taarifa, swichi ya mashine iwe ile isiyojiwasha umeme unaporudi, kwa sababu utakuwa umeacha chuma ndani.

Msasa hula sehemu laini haraka na kuacha mistari imeinuka. Uweke juu ya kibao kigumu, ubadilishe mara tu unapopoteza makali, uanze na namba 120 na kuishia 400 bila kukandamiza. Mafuta ya kitani hupendwa na wengi, lakini hunyweka zaidi palipolegea na kuugeuza weupe kuwa manjano. Mimi hutumia vanishi ya maji iliyozimuliwa, mipako mitatu.

Kitako hupunguzwa mwisho hadi milimita 4, kikiwa kimebonyea kidogo katikati ili mtungi usimame kwa ukingo wake hata ukijipinda. Anayeununua ninamwambia mapema kwamba ni wa maua makavu tu, na kwamba akiupeleka Nakuru, ambako hewa ni kavu kuliko ya huku ziwani, asiuweke karibu na dirisha lenye jua katika miezi ya mwanzo.