Makali ya almasi si mstari

Watu wakisikia kwamba mtu anaweza kukereza shaba au alumini kwa kisu cha almasi ikatoka ni kioo, bila msasa wala kusugua kokote, swali la kwanza huwa ni kuhusu mashine. Inazunguka kwa kasi gani? Inapimaje? Maswali hayo yana maana, lakini mimi huwarudisha kwenye kisu. Mashine nzuri kuliko zote ukiifunga kisu kisichofaa itakupa uso mbovu kwa usahihi wa ajabu. Kwa hiyo leo naandika juu ya kinachotokea chini ya ncha ya kisu, sehemu ambayo jicho halifiki.

Metali inayokatwa haipasuki mbele ya kisu. Inasukumwa, inabanwa, kisha inateleza tabaka juu ya tabaka kwenye bapa jembamba linaloanzia kwenye ncha na kupanda kwa mshazari hadi juu. Mwaka 1937 Väinö Piispanen wa Ufini aliichora hali hii kama pakiti ya karata inayosukumwa: kila karata inateleza kidogo juu ya mwenzake, na kinachotoka juu ya kisu ni ukanda mnene kuliko tabaka lililoondolewa. Mwaka 1945 Mmarekani Eugene Merchant aliiwekea hali hiyo hesabu ambazo bado tunafundishana. Kiini chake ni hiki: msuguano kwenye uso wa kisu ukiongezeka, au uso huo ukilalia mbele zaidi, bapa la utelezi linalala chini, ukanda unanenepa na kani zinapanda.

Hesabu hizo zinachukulia kwamba kisu kimechongoka kabisa, kwamba nyuso zake mbili zinakutana kwenye mstari. Ukiondoa tabaka la nusu milimita, hakuna ubaya kuchukulia hivyo. Lakini makali ya kweli ni ya mviringo. Kisu cha kabaidi ya tungsteni kina mviringo wa maikromita kadhaa (maikromita ni sehemu ya elfu ya milimita) kwenye makali yake. Almasi ya fuwele moja iliyonolewa vizuri ina mviringo wa makumi ya nanomita, na nanomita ni sehemu ya elfu ya maikromita. Hata hiyo almasi, kali kuliko kitu chochote tunachoweza kukishika, inakuwa butu mara tu tabaka tunaloliondoa linapokuwa jembamba kuliko mviringo wake.

Hebu fikiria tabaka la nanomita 20 linakutana na makali yenye mviringo wa nanomita 50. Tabaka hilo halifiki kabisa kwenye uso wa mbele wa kisu. Linakutana na tumbo la mviringo, lililolalia mbele, hata kama umenunua kisu ambacho uso wake umesimama wima. Sehemu ya juu ya tabaka inapanda na kuwa ukanda. Sehemu ya chini inakandamizwa, inapita chini ya makali, na ikishaachwa nyuma inainuka tena kidogo na kusugua mgongo wa kisu. Likiwa jembamba zaidi, hakuna ukanda hata kidogo: maada inalainishwa na kusukumwa tu. Ndiyo maana nishati inayohitajika kuondoa ujazo uleule wa metali hupanda sana tabaka linapopungua. Sehemu kubwa ya nishati hiyo haiendi kwenye kukata, inaishia kwenye kusugua na kukandamiza.

Kuna unene wa chini kabisa ambao makali fulani yanaweza kuukata. Majaribio ya miaka ya 1980 na 1990 yalionyesha kwamba kwa almasi kali sana shaba inaweza kutoa ukanda kutoka kwenye tabaka la nanomita 1 hivi, yaani upana wa atomu nne za shaba. Mimi huiheshimu sana kazi hiyo. Inaonyesha kwamba kikomo chetu cha kila siku hakijawekwa na shaba, kimewekwa na ukali wa kisu na utulivu wa mashine.

Sasa jambo ambalo naona halisisitizwi vya kutosha. Visu tunavyotumia kukereza vina pua ya duara, tuseme nusu kipenyo cha milimita 1. Kisu kikizama maikromita 5 (hicho ndicho kina) na kusogea maikromita 5 kwa kila mzunguko (huo ndio mwendo), tabaka linaloondolewa linakuwa na umbo la hilali. Juu, karibu na uso ambao haujakatwa, unene wake ni nusu maikromita hivi. Kadiri unavyoshuka kwenye pua unapungua, na pale chini kabisa unafikia sifuri. Pale chini ndipo uso wa mwisho unapotengenezwa. Sehemu zote za juu zitakatwa tena mzunguko unaofuata, na kinachobaki kwenye kazi yako ni alama ya sehemu ile ambayo tabaka ni jembamba kuliko makali. Kwa maneno mengine, hata ukiwa mkarimu wa kina na mwendo, uso utakaomkabidhi mteja umetengenezwa na sehemu ya kisu iliyokuwa ikifanya kazi kama kitu butu.

Ukiliona hilo, hesabu maarufu ya ulaini wa uso inaanza kueleweka pamoja na upungufu wake. Kila mzunguko unaacha mfereji mdogo wa duara, na urefu wa tuta kati ya mifereji ni mwendo kwa kila mzunguko ukizidishwa kwa wenyewe, kisha kugawanywa kwa mara nane ya nusu kipenyo cha pua. Kwa mfano wetu jibu ni nanomita 3.1. Mtu akiiamini hesabu hiyo peke yake atasema: nikipunguza mwendo hadi maikromita 2, nitapata nanomita 0.5. Hapati. Mwaka 1961 mtafiti Brammertz aliongeza kwenye hesabu ile unene wa chini kabisa unaokatika. Tukichukua unene huo kuwa nanomita 10, mwendo wa maikromita 5 unatoa matuta ya takribani nanomita 10, na mwendo wa maikromita 2 unatoa takribani 18. Uso unaharibika kwa sababu umetambaa polepole mno! Sehemu kubwa zaidi ya hilali imekuwa nyembamba kuliko inavyoweza kukatika, na maada inayokataa kukatwa inainuka kuwa matuta. Kwa hiyo kila kisu na kila metali ina mwendo wake mzuri, na ukiupita kwenda chini unajidhuru.

Ukishika kipande cha shaba kilichotoka kwenye mashine na kukiinamisha chini ya taa moja, unaona rangi za upinde wa mvua zikitembea juu yake. Mifereji imepangika sawasawa kiasi kwamba inatawanya mwanga kwa rangi. Kwa lenzi ya mionzi ya infraredi haijalishi, kwa kuwa mawimbi yake ni marefu. Kwa kioo cha mwanga unaoonekana huwa ni tatizo, na mara nyingi hulazimu kung'arisha mwishoni. Ukiitazama shaba ileile kwa hadubini utaona pia mipaka ya punje, yaani fuwele ndogondogo zinazoiunda metali: vijingazi vya nanomita chache. Kila punje imeelekea upande wake, ina ugumu wake, na inainuka kwa kiasi chake baada ya kisu kupita. Hakuna mashine itakayoondoa vijingazi hivyo. Tiba ni kuchagua maada yenye punje ndogo sana au isiyo na punje kabisa, kama nikeli yenye fosforasi nyingi. Na katikati kabisa ya kipande, ukikuta kinundu au kishimo kidogo, ujue ncha ya kisu haikuwekwa kwenye urefu sahihi wa mhimili. Hilo husahihishwa kwa kupima na kukata tena, ni suala la subira tu.

Silikoni ndiyo inayonisisimua kuliko zote. Kila mtu anajua silikoni huvunjika ovyo. Lakini kuvunjika kunahitaji ufa ukue, na ufa unahitaji nafasi. Ukikata kwa kina kidogo vya kutosha, maada inateleza kabla ufa haujapata nguvu ya kukua. Watafiti Bifano, Dow na Scattergood waliiandikia hali hiyo kanuni mwaka 1991 kwa ajili ya kusaga: kina kinachovumilika kinategemea uwiano wa ukakamavu wa maada kwa ugumu wake, na zaidi sana uwezo wake wa kuzuia ufa. Kwa silikoni na gerimani tunazungumzia unene wa makumi hadi mamia machache ya nanomita. Na hapa kile nilichokiita ubutu kinageuka kuwa msaada. Tunatumia kisu ambacho uso wake umelazwa mbele kwa makusudi, nyuzi 25 au hata 45, ili maada iliyo mbele yake ibanwe kwa mgandamizo mkubwa. Silikoni ikibanwa kufikia gigapaskali 11 au 12, zaidi ya mara laki moja ya mgandamizo wa hewa, hubadilisha mpangilio wa atomu zake na kuwa ya kimetali, na katika hali hiyo inateleza. Mgandamizo ukiondoka hairudi kuwa fuwele kamili. Inabaki na ngozi nyembamba isiyo na mpangilio, na wanaotengeneza lenzi lazima waijue iko pale.

Irudie ile hilali. Juu, kwenye tabaka nene, nyufa zinaweza kutokea, na mara nyingi hutokea. Blake na Scattergood walionyesha mwaka 1990 kwamba si lazima kuzizuia zote. Inatosha zisizame hadi kwenye usawa wa uso wa mwisho, kwa sababu mzunguko unaofuata utaziondoa. Ndiyo maana kwenye silikoni mwendo kwa kila mzunguko una uzito kuliko kina cha mkato. Wageni wa kazi hii hupunguza kina na kuacha mwendo, kisha wanashangaa mbona ukungu wa nyufa ndogo juu ya uso hauondoki. Ukungu huo nao una mpangilio: kwenye kipande kilichokatwa kwa mwelekeo wa 100 wa fuwele (namba hizi ni majina ya mielekeo ya safu za atomu) unatokea katika pande nne, na kwenye kile cha 111 katika pande tatu, maana kisu kinapozunguka kinakutana na fuwele kwa pembe tofauti, dhaifu hapa na imara pale.

Kuhusu mashine nitasema kwa ufupi. Mhimili unaelea juu ya hewa, mikono inateleza juu ya mafuta yenye shinikizo, msingi ni jiwe la itale, na nafasi inapimwa kwa leza au rula za kioo. Mashine kubwa ya maabara ya Lawrence Livermore huko Marekani, iliyojengwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, ilikereza vioo vyenye kipenyo cha zaidi ya mita 1.6 kwa makosa ya makumi ya nanomita. Adui mkuu ni joto. Alumini ya milimita 100 ikiongezeka joto kwa nyuzi 0.01 tu inarefuka nanomita 23. Mwili wa mtu aliyesimama karibu na mashine iliyo wazi unatosha kuharibu kazi, na sioni sababu ya kuutafuta usahihi wa kisu kabla ya kuituliza halijoto ya chumba.

Kinachobaki ni chuma chenyewe, na chuma cha pua, yaani feleji. Almasi inakata alumini na shaba kwa makumi ya kilomita bila kulalamika, lakini ikikutana na chuma makali yake yanaliwa karibu mara moja. Ugumu hauhusiki. Kaboni ya almasi inavutwa kikemia na atomu za chuma, inaacha mpangilio wake na kuyeyukia ndani ya kile inachokikata, na joto la mkato linaharakisha mambo. Kwa kalibu za lenzi za plastiki tunakwepa kwa kukipaka chuma cha pua nikeli yenye fosforasi zaidi ya asilimia 10, kisha tunakereza nikeli. Shamoto na Moriwaki wa Japani walifungua njia nyingine katika miaka ya 1990: kisu kinatetemeshwa kwa njia ya duaradufu makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde, kinagusa na kuachia, na kila kinapopanda kinauvuta ukanda juu badala ya kusuguana nao. Kani zinashuka sana na almasi inadumu ndani ya chuma kilichokwisha kukazwa. Gharama yake ni muda: kasi ya kukata lazima ibaki chini ya kasi ya mtetemo, na kwa vitendo hiyo ni mita chache kwa dakika. Kwa kalibu moja ya thamani nakubali kusubiri. Kwa vipande vingi bado nachagua nikeli.

Ninachowasihi wanaoanza kazi hii ni wapime kani mbili, ile ya mwelekeo wa kukata na ile inayokisukuma kisu nyuma. Kisu kikiwa kipya na tabaka likiwa na unene wa kutosha, ya kwanza ndiyo kubwa. Makali yakichakaa, ya pili inapanda taratibu, inaifikia, kisha inaipita, mara nyingi kabla jicho halijaona doa lolote kwenye uso. Mara hiyo inayosukuma nyuma inapoanza kuongoza, kisu kimeanza kusugua zaidi ya kukata, na huo ndio wakati wa kukitoa na kukipeleka kunolewa.