Tuzo za huduma kwa jamii: mpeni binti posho kabla hajaenda

Mimi kazi yangu ni hii mifuko ya wahitimu wa zamani kwenye vyuo vya wanawake Marekani, na kila msimu wa maombi ukifika swali ni lile lile, hizi tuzo za wanafunzi wanaojitolea kwenye jamii hela yake inatoka wapi na anapewa nani.

Hela inatoka hivi: wanawake waliomaliza chuo pamoja, mwaka uleule, wanachangishana, mara nyingi wakikaribia kukutana tena chuoni baada ya miaka 25 au 50, wanafungua mfuko wa kudumu. Ile hela yenyewe haiguswi, inawekezwa, na chuo kwa kawaida kinachota kama asilimia 4 au 5 kwa mwaka. Yaani mfuko wa dola 50,000 unatoa kati ya dola 2,000 na 2,500 hivi. Watu wakisikia elfu hamsini wanadhani binti ndo anakabidhiwa zote, hapana.

Sasa msimamo wangu. Tuzo ya kumpongeza aliyekwishajitolea ni nzuri, lakini inamfikia yule aliyekuwa na uwezo wa kujitolea tangu mwanzo. Binti anayesomeshwa kwa msaada wa kifedha, vyuo vingi vinahesabu kabisa kwamba likizo ya kiangazi atapiga kazi alete mchango wake kwenye ada, sasa huyo akienda kukaa wiki nane bure kwenye kituo cha wanawake waliokimbia vipigo nyumbani, akirudi anaukuta mchango unamsubiri vile vile, plus chumba na nauli alizojilipia, kwa hiyo hata awe na moyo wa namna gani ataishia kutafuta kazi dukani. Tuzo inayomsaidia huyu ni ile inayotoa posho mapema na kufidia ule mchango pia, hiyo sehemu ya pili wafadhili wengi wanaisahau na inaniuma sana.

Mfano ninaoupenda ni wa Kathryn Wasserman Davis, aliyemaliza Wellesley, chuo cha wanawake, mwaka 1928. Mwaka 2007 akitimiza miaka 100 alitoa dola milioni 1 kwa miradi 100 ya amani ya wanafunzi, dola 10,000 kila mmoja, na sio kwa chuo chake peke yake. Mwanafunzi anaandika mradi na bajeti, anapata hela, halafu ndo anaenda kufanya. Smith, chuo kingine cha wanawake, nao wana mpango unaoitwa Praxis, posho ya mara moja kwa intanshipu (mafunzo ya kazini) isiyolipa.

Kwa wanaoomba: "napenda kusaidia jamii" haiambii kamati kitu. Andika "Jumanne na Alhamisi mchana nitakaa na akina mama wanaojaza fomu za nyumba, maana pale anayeongea Kihispania ni mtu mmoja tu", hapo tunaona umeshafika, umeuliza, na kuna mtu anakusubiri. Ambatanisha barua ya kituo yenye jina la atakayekusimamia.

Na kabla hujasaini kupokea tuzo pita ofisi ya msaada wa kifedha, uliza kama tuzo itapunguza msaada ulionao, maana inawezekana. Kodi ya mapato pia: kinacholipa ada na vitabu vya kozi kwa kawaida hakikatwi, kinacholipa chumba na chakula kinahesabika kipato, kwa hiyo weka kiasi pembeni.