Nyumba ya urithi ni ipi hasa?

Siku hizi kila anayechimba msingi Fuoni au Chake Chake anakwambia anajenga nyumba ya urithi. Chumba hiki cha Fatma, kile cha Ali, ghorofa atakuja kuimalizia Saidi. Nia njema, lakini kauli imekaa upande.

Kwa sheria ya Kiislamu, nyumba ya urithi ni ile aliyoiacha marehemu, zikishatolewa gharama za mazishi, madeni, na wasia kama upo. Mwenyewe akiwa hai, hiyo ni mali yake tu. Kesho akitaka kuiuza anauza.

Anaposema "chumba cha Fatma" ndipo anapochanganya mambo. Akimpa leo na akamkabidhi, hiyo ni hiba. Akiifunga isiuzwe wala isirithiwe, watoto wakae na kufaidika nayo, hiyo ni wakfu, na Zanzibar ina kamisheni yake. Asipofanya hili wala lile, ni mirathi, na mirathi haikijui chumba cha Fatma. Wala asitegemee wasia: hauzidi theluthi, na mrithi haachiwi wasia mpaka wenzake waridhie.

Chukua baba aliyeacha mke, mtoto mmoja wa kiume na wawili wa kike, wazee wake wote wameshatangulia. Mke ana thumuni, yaani fungu moja katika manane. Kinachobaki, kaka anapata mara mbili ya dada. Nyumba basi ina mafungu 32: mke 4, kaka 14, kila dada 7. Haya, yatafute mafungu hayo kwenye vyumba vinne, choo kimoja, mita moja ya umeme, na ngazi inayopandia katikati ya ukumbi. Ngazi hiyo ndiyo inayonikera kuliko vyote. Aliyepata juu hendi kulala bila ya kuwapita mashemeji wanaotazama televisheni, na akitaka kupangisha, mpangaji gani atakubali? Mwisho inauzwa wagawane pesa, au mwenye uwezo awalipe wenzake, kama yupo.

Ramani haibadilishi mafungu. Inachoweza ni kuyafanya yakalike.

Kwa hivyo, ndugu yangu, sema unajenga nyumba yako. Urithi utakuja wakati wake. Kwa leo mwambie fundi ngazi aitoe nje, upande wa uwani, na bomba la choo cha juu alipitishe kabla hajamwaga zege.