«unsigned long» si upana wa pointa: dhana potofu za waandishi wa butiloda

Nikiletewa msimbo wa C wa butiloda (programu inayopakia kerneli, kiini cha mfumo endeshi, mashine inapowashwa) niukague, natafuta kwanza neno `long`, aina ya namba kamili. Nikilikuta limekaa karibu na pointa (kigezo kinachoshika anwani ya kumbukumbu), najua jioni yangu imeshaharibika, na utetezi nitakaopewa ni ule ule wa siku zote.

«unsigned long ina upana wa pointa kila mahali.»

Haina. Naelewa imani hii inatoka wapi: kerneli ya Linux imebeba anwani ndani ya `unsigned long` tangu zamani, na kwenye Linux ya biti 64 `long` ina baiti 8, sawasawa na pointa. Hayo lakini ni makubaliano ya LP64, ambako `long` na pointa zote ni biti 64. Windows ilichagua LLP64, ambako pointa ina baiti 8 na `long` imebaki na baiti 4.

«Mimi siandiki programu za Windows,» naambiwa. Sawa, ila unaandika za UEFI (kiolesura cha fimwea, programu iliyomo ndani ya mashine inayoiwasha), ndugu yangu, na faili la UEFI lina umbo la PE, lile lile la programu za Windows. Kompaili kwa kompaila ya GCC ya Linux na gnu-efi (maktaba ya kuandikia programu za UEFI), mambo yatakwenda. Kompaili msimbo huo huo kwa Clang ukiipa shabaha `x86_64-unknown-windows`, au kwa MinGW (GCC ya kutengeneza programu za Windows), na `long` inakuwa ya baiti 4. Nusu ya juu ya kila anwani inakatwa. Kompaila hutoa onyo, nawe ukalizima kwa sababu lilikuwa linajaza skrini.

Kinachonikera zaidi ni kwamba kosa hili halijitokezi mezani kwako. QEMU, kiigaji cha kompyuta unachojaribia, usipoiambia kitu kwa kawaida hutoa MiB 128 za RAM. Kila anwani ya RAM hiyo kwenye x86 iko chini ya GiB 4, biti 32 za juu ni sifuri tupu, na kukata sifuri hakumuumizi mtu. Sasa peleka msimbo huo, uliokompailiwa kwa shabaha ya namna hiyo hiyo ya ARM, kwenye mashine ya AMD Seattle, ambayo RAM yake inaanzia 0x8000000000. Hapo hakuna hata baiti moja ya RAM chini ya GiB 4. Fimwea inakupa ukurasa ulioko 0x8000123000, wewe unabaki na 0x00123000, kisha unamwaga kerneli juu ya kitu usichokijua.

Tumia `uintptr_t`, aina ya namba ya C inayotosha kubeba pointa, au `UINTN`, mwenzake wa UEFI, unapozungumza na fimwea. Na usiniambie huna maktaba ya C: `stdint.h` ni miongoni mwa vichwa ambavyo C99 inavidai hata kwa msimbo usio na mfumo endeshi chini yake. Mimi kila mradi hubandika juu kabisa mstari huu, unaozuia kukompaili upana usipolingana, na patchi inayouondoa siipokei:

`_Static_assert(sizeof(UINTN) == sizeof(void *), "UINTN");`

«Basi kila anwani naiweka kwenye uintptr_t.»

Hapana tena. Anwani halisi ya kumbukumbu si pointa. `EFI_PHYSICAL_ADDRESS` ni biti 64 hata kwenye fimwea ya biti 32, na E820 (orodha ya kumbukumbu inayotolewa na BIOS) hutoa mwanzo wa kila eneo kwa biti 64. Prosesa za biti 32 zilishaweza kufikia GiB 64 kwa PAE (nyongeza ya kurefusha anwani halisi) tangu Pentium Pro. Hifadhi kwa `uint64_t`, hakikisha thamani inaenea ndani ya pointa, ndipo uigeuze iwe pointa.

«Kugeuza pointa moja kwa moja kuwa uint64_t ni salama, kwa kuwa naipanua tu.»

Unaipanua kwa kujaza nini? Kwenye biti 32, GCC hurudia biti ya alama (ile ya juu kabisa), na nyaraka zake zinasema hivyo waziwazi. Pointa ya 0xC0000000 inatoka ikiwa 0xFFFFFFFFC0000000. Initrd (faili la diski ya mwanzo unalompa kerneli) ikikaa chini ya GiB 2 huoni kitu. Ikivuka hapo, kerneli inaambiwa iitafute mwisho wa dunia. Andika `(uint64_t)(uintptr_t)p`. Herufi chache tu za ziada, wala hazipunguzi kasi.

«%x inachapa UINTN vizuri.»

Kwenye EDK II (msimbo huria wa kuandikia fimwea na programu za UEFI) `%x` husoma biti 32. Geuza iwe `UINT64`, chapa kwa `%lx`.

«Strakti (kifurushi cha data) ninayoikabidhi kerneli inaweza kuwa na UINTN.»

Ziko tableti za Atom Bay Trail zenye prosesa ya biti 64 na fimwea ya biti 32. Butiloda huko inaona `UINTN` ya baiti 4, kerneli uliyoipakia inaona 8, na kila sehemu inayofuata inasomwa mahali pasipo pake. Weka `uint64_t`. Hata hivyo usilale: GCC ya Linux ya biti 32 huipanga `uint64_t` ndani ya strakti kwenye mpaka wa baiti 4, ile ya biti 64 kwenye mpaka wa 8. Ukitanguliza `uint32_t` moja, `uint64_t` inayofuata itaanza baiti ya 4 upande mmoja na baiti ya 8 upande wa pili. Jaza pengo hilo wewe mwenyewe kwa `uint32_t` ya akiba, kisha ongeza `_Static_assert` ya `offsetof` (umbali wa sehemu toka mwanzo wa strakti) pande zote mbili.