Dawa ya minyoo shuleni: maswali ya wazazi wa Malindi

Mwanangu haumwi na chochote. Dawa ya nini?

Minyoo haipigi hodi. Safura hujibana kwenye utumbo na kufyonza damu kidogo kidogo. Mtoto bado anacheza na anakula, ila damu inapungua, na darasani anasinzia.

Tena hamezi kwa faida yake peke yake. Kuanzia 1998, huko Busia, magharibi mwa Kenya, watafiti Michael Kremer na Edward Miguel walifuatilia shule 75 zilizopewa dawa ya minyoo kwa awamu. Utoro katika shule zilizotangulia kupewa ulipungua kwa takriban robo. Hata wanafunzi wa shule hizo ambao hawakumeza walipungukiwa na minyoo, kwa kuwa mayai yaliyodondoka ardhini yalikuwa machache. Kwangu mimi hili ndilo kubwa kuliko yote: kidonge anachomeza mwanao kinamkinga hata mtoto wa jirani.

Kwa hiyo watapasi mitihani?

Utafiti ule haukuona alama zikipanda, na mzazi asidanganywe. Lakini watoto hao walipofuatiliwa miaka 20 baadaye, waliopata dawa kwa miaka miwili mitatu zaidi ya wenzao walikuwa na kipato cha juu kwa asilimia 13 kwa kila saa ya kazi. Wapo wataalamu wanaobisha, wakisema tafiti nyingine zimeona faida ndogo, na mjadala haujaisha. Mimi nikipima bei ya kidonge na madhara yake machache, wangu nampeleka.

Mbona mwaka ule walitapika?

Aghalabu ni dawa ya kichocho, prazikwanteli, hasa ikimezwa na mtoto mwenye njaa. Huleta kichefuchefu, tumbo kuuma na kizunguzungu, kisha hali hiyo hupita. Asubuhi hiyo mpe mahamri na mbaazi, au uji mzito, ashibe kabla ya kutoka. Ile ya safura na minyoo mingine, albendazo, ni kidonge kimoja cha kutafuna na kwa kawaida haina shida.

Je, kichocho hupatikana baharini?

La. Konokono wanaobeba vijidudu vyake huishi kwenye maji yasiyo na chumvi. Waacheni watoto waogelee pwani wakiwa na mtu mzima. Pa kuogopa ni mabwawa, mifereji na vidimbwi vinavyobaki kandokando ya Mto Sabaki, mahali watoto wanapooga, kufua na kuchota maji.

Akishameza, basi?

Dawa huua minyoo iliyomo mwilini, haizuii mingine kuingia. Safura hupenya kwenye ngozi ya nyayo, kwa hiyo avae ndara hata akienda msalani au shambani. Choo kitumike, na mikono ioshwe kwa sabuni.

Kijana akikojoa damu, huenda ni kichocho; msiseme anabaleghe wala msingoje siku ya dawa shuleni. Mpelekeni zahanati apimwe mkojo.