Je, wajua kwa nini molekuli ya maji imepinda na ya hewa ya ukaa imenyooka?

Desemba iliyopita, Wachagga tulipopanda nyumbani kama kawaida yetu, mpwa wangu wa kidato cha tano alikuja kwa bibi yake Kibosho na daftari la kemia. Alikuwa amenakili jedwali la pembe za molekuli: methani nyuzi 109.5, amonia 107, maji 104.5, hewa ya ukaa 180.

"Shikamoo mjomba. Nimezikariri zote," akasema, "lakini sijui zimetoka wapi. Maji yana atomi tatu, hewa ya ukaa ina atomi tatu. Kwa nini moja ipinde na nyingine inyooke?"

Swali zuri kuliko jedwali lenyewe. Na vitu vyote vinne vilikuwa palepale kihambani, kwenye shamba la nyumbani. Methani ndiyo iliyokuwa ikiwaka kwenye jiko la biogesi. Amonia ilikuwa inawasha pua bandani kwa ng'ombe, kwa sababu bakteria huvunja urea iliyomo kwenye mkojo. Hewa ya ukaa ilikuwa inatoa mapovu kwenye pipa la mbege, pombe yetu ya ndizi, na maji yalikuwa yakipita kwenye mfongo, yaani mfereji, nyuma ya migomba. Nikamtuma dukani akanunue maputo.

Ukifunga maputo mawili kwa fundo moja, yanaelekea pande mbili zinazotazamana, mstari mmoja ulionyooka. Yakiwa matatu yanalala bapa kama mafiga, kila moja nyuzi 120 kutoka kwa jirani yake. Hakuna aliyeyapanga, kila puto linatafuta nafasi tu. Molekuli nazo ziko hivyo. Elektroni za nje za atomi, zile chembe zenye chaji hasi, hukaa mbilimbili, na kila jozi hukaa mbali na nyingine kadiri inavyowezekana. Umbo la molekuli ni matokeo ya kusukumana huko.

Tulipofika maputo manne ndipo mpwa wangu alipotulia kimya. Ubaoni methani huchorwa kama msalaba: kaboni katikati, haidrojeni nne kandokando, pembe za nyuzi 90. Mchoro ule umewapoteza wanafunzi wengi, nami nilikuwa mmoja wao. Jaribu kuyalaza maputo manne mezani yawe msalaba: hayakai. Moja litanyanyuka, mengine yatashuka, mpaka yasimame kama kigoda cha miguu mitatu chenye puto la nne likitazama juu. Karatasi ni bapa, lakini elektroni hazikai kwenye karatasi. Zikipewa nafasi ya juu na chini, jozi nne huachana kwa nyuzi 109.5, ambazo ni zaidi ya zile 90. Wazo kwamba mikono minne ya kaboni huelekea pembe za piramidi yenye kitako cha pembetatu lilitolewa mwaka 1874 na vijana wawili, kila mmoja kivyake: Jacobus van 't Hoff wa Uholanzi na Joseph Le Bel wa Ufaransa. Wakati huo hata elektroni yenyewe ilikuwa haijagunduliwa.

Sasa tuhesabu. Kaboni ina elektroni nne za nje, na kila haidrojeni inaleta moja: jumla nane, yaani jozi nne, na kila jozi imeshika haidrojeni yake. Naitrojeni ya amonia ina tano, haidrojeni tatu zinaleta tatu: nane tena, jozi nne. Lakini haidrojeni ni tatu tu, kwa hiyo jozi moja imebaki bila mwenzi. Tuiite jozi pweke. Oksijeni ya maji ina sita, haidrojeni mbili zinaleta mbili: nane, jozi nne, na mbili kati yake ni pweke.

Kwa hiyo molekuli zote tatu zina maputo manne! Tofauti ni kwamba baadhi ya maputo hayana kitu mwishoni. Tukitaja umbo la molekuli tunataja mahali atomi zilipo, hatutaji jozi pweke. Lakini jozi hizo zipo, na zinasukuma. Tena zinasukuma zaidi. Jozi iliyoshika haidrojeni huvutwa na viini viwili, ikanyooka ikawa nyembamba. Jozi pweke ina kiini kimoja tu cha kuivuta, hivyo hukaa karibu na atomi yake na kutanuka, kama abiria mwenye kapu kwenye kiti cha daladala. Majirani hubanwa. Ndiyo maana pembe inashuka kutoka 109.5 kwenye methani hadi 107 kwenye amonia yenye jozi pweke moja, kisha 104.5 kwenye maji yenye mbili.

Na hewa ya ukaa? Kaboni imeshikana na oksijeni mbili kwa mikono miwili kila upande. Jozi mbili zilizo kwenye kifungo kimoja huelekea upande mmoja, kwa hiyo tunazihesabu kama puto moja. Kaboni haina jozi pweke. Maputo mawili, nyuzi 180, basi.

Kwa nini lakini jozi zisukumane? Jibu la haraka ni kwamba chaji hasi mbili hazipatani. Ni kweli, ila sababu yenye nguvu zaidi ni kanuni aliyoieleza Wolfgang Pauli mwaka 1925: chumba kimoja cha elektroni kina nafasi ya wawili tu, tena wenye mzunguko wa kinyume. Jozi ya pili haiwezi kuingia hata ikitaka. Lazima itafute upande wake. Mwaka 1940 Nevil Sidgwick na Herbert Powell wa Uingereza walionyesha kuwa idadi ya jozi ndiyo inayoamua umbo. Mwaka 1957 Ronald Gillespie na Ronald Nyholm, wakiwa London, wakaijenga iwe kanuni kamili, pamoja na hilo la jozi pweke kusukuma zaidi.

Kanuni hii ina mipaka. Gesi ya harufu ya mayai viza ni salfa na haidrojeni mbili, ndugu wa maji, jozi nne na mbili pweke. Ungetarajia pembe ya karibu na 104. Ni 92. Salfa ni atomi kubwa, haidrojeni zake ziko mbali naye, hivyo zinaweza kusogeleana zaidi kabla hazijabanana. Kanuni ilisema itapinda, na imepinda. Kiasi gani, hapo ilihitaji msaada.

Kupinda kwa maji kuna uzito mkubwa. Oksijeni huvuta elektroni kuliko haidrojeni, na kwa kuwa molekuli imepinda, upande mmoja unabaki hasi kidogo na mwingine chanya kidogo. Molekuli zinashikana. Kwenye hewa ya ukaa oksijeni mbili zinavuta pande zinazotazamana kwa nguvu sawa, kama timu mbili za kuvuta kamba zilizotoshana nguvu, na mvuto unafutika. Molekuli yake ni nzito zaidi ya mara mbili ya ile ya maji, lakini yenyewe ni gesi inayotoroka kwenye pipa la mbege huku maji yakitulia kwenye ndoo. Na maji yakiganda, kila oksijeni huzungukwa na nyingine nne kwa pembe za karibu 109.5, zikajenga vyumba vya pande sita vyenye uwazi ndani. Kwa hiyo barafu huelea, na chembe ya theluji inayoanguka Kibo ina ncha sita.

Jioni mama yangu aliweka maharage jikoni, akamwita mjukuu wake amletee magadi, yale yachimbwayo Ziwa Natron. Binti akarudi ameshika kidonge, anakigeuzageuza. "Bibi, subiri kidogo. Mjomba, hii ni kaboneti, sivyo? Kaboni moja katikati, oksijeni tatu, kaboni haina jozi pweke." Akanyoosha vidole vitatu. "Bapa. Nyuzi 120."